Si Pesa, Wala Si Kete Mnazozijua

Nyinyi vijana mnaonigongea mlango na kipande cha shaba mmekifunga kwenye leso kana kwamba kitapata mafua, sikilizeni. Kwanza acheni kukisugua. Aliyewaambia kwamba limau na chumvi vinafufua kitu cha kale, huyo alizoea kupika samaki. Ukisugua unatoa ngozi iliyochukua mamia ya miaka kujijenga, na unabaki na kitu kinachong'aa bure ambacho hakuna mnunuzi atakayekigusa. Pili, msiingie mkisema, "Mzee Zakaria, nimepata dhahabu." Dhahabu haiokotwi ndani ya kopo la biskuti la marehemu. Watoto wa marehemu walishaangalia kabla yako, tena kabla hata ya maziko.

Mimi nilikuwa nachambua kete katika duka la vitu vya kale huko Rosettenville, tangu kabla ya Kombe la Dunia kuja Johannesburg mpaka macho yangu yalipoanza kuona herufi mbili mahali penye moja. Kete ninazozisema ni visahani vidogo vya shaba ambavyo wafanyabiashara wa Ulaya ya zamani walivitumia kupigia hesabu. Mtu alichora mistari mezani, au alitandika kitambaa chenye mistari, akaweka visahani kwenye mstari wa mamoja, vingine kwenye wa makumi, vingine kwenye wa mamia, kisha akawa anavisukuma na kuvibadilisha mpaka jumla itoke. Walipozoea kuhesabu kwa kalamu wakavitupa. Watoto wakavichezea, wanawake wakavitoboa na kuvivaa shingoni, na wazee wa kizungu wakavibeba kwenye makopo mpaka huku kusini mwa Afrika wakiamini wamebeba hazina.

Wareno na Waingereza wana majina yao ya vitu hivi. Mimi ni mtu wa Buyenzi, pale Bujumbura, nimekulia kando ya watu wanaocheza bao na drafti. Siku nilipoonyeshwa ile mistari na jinsi visahani vinavyohamishwa, nilisema hizi ni kete, na neno likakaa. Neno hilo ndilo lililokuja kuniharibia shughuli nyumbani kwangu, na nitawaeleza, lakini kwanza shikeni kazi, maana najua mmekuja kwa ajili ya bei.

Ukipewa kisahani, usianze na macho. Anza na kidole gumba. Sarafu halali ya zama zile ilithaminiwa kwa uzito, kwa hiyo mfalme alijitahidi isipungue, au alijifanya anajitahidi. Kete haikuwa na cha kupungua, wakaifua nyembamba kiasi kwamba nyingine ukiibana kwa vidole viwili inapinda. Ikipinda, inyooshe taratibu na usimwambie mwenyewe. Baada ya hapo ndipo uangalie picha. Ukiona tufe lenye msalaba juu yake, na upande wa pili waridi lililozungukwa na mataji na maua ya yungiyungi, hiyo ni ya Nuremberg, Ujerumani, na ndiyo mtakayoletewa karibu kila siku mpaka muichukie. Ukiona ngao yenye maua ya yungiyungi, na maandishi yanamsalimu Bikira Maria bila kugugumia, hiyo huenda ni ya Ufaransa na ni ya zamani zaidi. Ukiona mtu ameketi mezani na kete zake, na upande wa pili zimepangwa herufi za alfabeti, tulia. Hizo zilikuwa za kufundishia, wakusanyaji wanazipenda, msiziachie kwa bei ya mkate.

Halafu kuna ndugu zao wa baadaye, za kuchezea karata, zilizoigizwa kutoka sarafu ya dhahabu ya Kiingereza. Zina ngao iliyochongoka chini kama sepetu. Nyingine zimeandikwa waziwazi kwamba ni za kukumbuka siku njema za kale. Kitu kimejiandika chenyewe usoni kwamba hakinunui chochote, na bado msimu ule wa Kombe la Dunia nilimwona mtu mzima, mwenye tai, akiingia dukani na tatu alizouziwa barabarani na kijana mwenye vuvuzela. Alitembea kama gavana. Nilipomsomea maandishi, aliniambia Kiingereza changu ni kibovu.

Na maandishi ndiyo mtego wenyewe. Mafundi wengi wa Nuremberg walikuwa wanabandika herufi pembeni ili tu kete ionekane ya maana. Hazisemi kitu. Ukiona herufi zinarukaruka, zinajirudia, nyingine zimegeuka kichwa chini, usikae usiku kucha na kamusi ya Kilatini. Andika "maandishi hayana maana" na ulale. Mchungaji wa kanisa letu la Bellevue hakutaka kulala. Nilimwonyesha moja kwa nia njema, akaiinua kwenye mwanga, akaanza kutetemeka midomo.

"Hii ni lugha," akasema.

"Mchungaji, fundi hakujua kusoma."

"Hata mitume, Mzee Zakaria, wengine hawakujua kusoma."

Jumapili iliyofuata kanisa zima lilihubiriwa herufi zile, zikatafsiriwa kuwa wale wanaochelewa ibada watapata hasara mwaka ule. Tangu hapo sikumwonyesha tena.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mwenye duka, Mreno mzee tuliyemwita Senyo. Alikuwa na jicho zuri sana na uzalendo mbaya sana. Wareno walifua kete zao kweli, na nyingine zina lile tufe la pete za anga ambalo wafalme wao walilipenda. Lakini kwa Senyo kila kete nzuri ilikuwa ya Ureno na kila mbovu ilikuwa ya Hispania. Nilimpelekea moja yenye simba mwenye mabawa, kitu ambacho hata kipofu angekipapasa akasema ni Nuremberg. Akaitazama kwa lenzi yake. "Lisbon," akasema. Nikamwambia, Senyo, huyu ni simba wa Venisi, Wajerumani wamemwiga. Akafikiri kidogo. "Alipita Lisbon," akasema, na akaiweka kwenye trei ya Ureno. Nikawa nasubiri aende kunywa kahawa, naihamisha. Akirudi anairudisha. Kete ile nadhani ilisafiri zaidi ndani ya duka lile kuliko ilivyosafiri Ulaya.

Tulikuwa na mwenzetu mwingine, Odette, mama wa Kikongo kutoka Lubumbashi aliyefungasha mizigo ya wateja. Odette ndiye aliyewahi kuchemsha trei nzima ndani ya sufuria na limau, kwa upendo, akamletea Senyo zikimetameta. Senyo aliketi sakafuni. Hakutukana, hakulia, aliketi tu sakafuni mpaka tukamletea maji. Kuanzia siku hiyo Odette hakugusa kitu bila kunipigia simu kwanza. Na mimi na yeye, wateja wakiwa mbele yetu, tulisemezana Kiswahili, makete haya na makete yale, ili wasijue tunachokithamini.

Siku hizi nyinyi mnapiga picha kwa simu, mnaitupa huko mnakokujua, na mtu wa ng'ambo anawajibu kabla hamjafunga mlango. Vizuri. Lakini picha haina uzito, na simu haina kidole gumba. Nimeona kijana aliyejibiwa na mtandao kwamba ana sarafu ya Roma, kumbe ana kifuniko cha chupa ya dawa kilichopondwa na treni.

Sasa hayo ya nyumbani.

Jumapili moja nilikuwa Bellevue, nimetoka ibadani. Nyumba yetu ilikuwa moja ya zile kubwa za zamani zilizokatwakatwa kwa mbao zikawa vyumba, kiasi kwamba mtu wa mbele akipiga chafya, wa nyuma anamwambia afya. Mtandao wa simu ulishika uani tu, karibu na bomba, na ulishika vibaya, kwa hiyo siri zote za nyumba ile zilisemwa uani kwa kupiga kelele. Odette alikuwa dukani na Senyo hayupo. Limeletwa kopo la marehemu fulani, limejaa, akanipigia simu.

"Papa Zakaria! Ile makete ya Allemagne ilifika. Iko mingi sana! Nifanye namna gani?"

"Usiziloweshe!" nikapiga kelele. "Zikilowa zimekwisha! Zipime kwanza, moja moja. Halafu kila kete uifunge kwenye kikaratasi chake, ukikunje vizuri."

"Na ile ya France?"

"Za Kifaransa ndizo safi, ziweke kando, zina watu wake. Za Kijerumani zimechanganywa, hizo tutaziuza kwa jumla. Na usimwonyeshe mtu mpaka Mreno aje. Mteja akiuliza, mwambie mzigo haujafika!"

Chumba cha nyuma alikaa Salum, kinyozi, mtoto wa Dar es Salaam. Naona nyinyi mnaotoka upande huo mmeshaanza kucheka. Mimi sikujua. Kwetu kete ni ya bao, imekwisha. Sikujua kwamba huko Dar kete ni kile kipakiti kidogo cha karatasi chenye unga ndani, ule unga unaowamaliza watoto wa watu vichochoroni. Salum alikuwa nyuma ya pazia lake na mswaki mdomoni, anamsikiliza mzee wa kanisa, na Biblia kwapani, akiendesha biashara ya madawa ya kulevya kutoka Ujerumani kwa amri ya Mreno.

Hakuna aliyeniambia kitu. Umbea mkubwa humzunguka mwenyewe kwa adabu. Nilichokiona ni kwamba dunia ilianza kuniheshimu, na mimi, kwa ujinga wangu, nikadhani ni mvi. Vijana wa pale kwenye kiduka cha spaza, ambao zamani walinipita kama nguzo ya umeme, wakawa wanasimama kuniamkia kama mkubwa. "Heita, taima! Sharp, taima!" Salum akaninyoa na kukataa malipo. Kanisani nikahamishwa kutoka benchi la mlangoni mpaka kiti cha mbele chenye mikono. Mchungaji akahubiri juu ya mali ya gizani, akitazama dari muda wote, na ibada ilipoisha akanikumbatia na kuniambia habari za mabati ya kanisa.

"Mungu anaweza kusafisha kitu chochote, Mzee Zakaria," akasema, na kunibinyia jicho.

Nikajua ameisugua ile kete niliyomwonyesha, aliyobaki nayo. "Mchungaji, kusafisha ndiko kunakoharibu," nikamwambia. "Kikitoka na uchafu wake, wanunuzi wanakiamini zaidi."

Akanitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa na mtumishi wa Mungu. Kumbe ilikuwa hofu.

Lakini heshima niliyoifurahia kuliko zote ilitoka kwa Bwana Mutiso. Niwaeleze. Mimi nina mtoto mmoja, Neema. Mama yake alifariki Neema akiwa bado anafungiwa kamba za viatu, nikamlea mwenyewe. Wakati huo alikuwa akipokea wagonjwa kwa daktari wa meno, na alikuwa na mchumba, Kevin, kijana wa Kikenya, mpole, anayevaa vizuri. Nilimpenda yule kijana, nisiwadanganye. Alikuja, akala maharage yetu, akanibebea mtungi wa gesi. Tatizo lilikuwa baba yake, Bwana Mutiso, mhasibu katika kampuni kubwa, mwenye nyumba yenye ukuta na mbwa wawili. Mwaka mzima Neema alisubiri huyo baba aje kujitambulisha kwetu ili mambo ya ndoa yaanze, na mwaka mzima baba alikuwa na mkutano. Hata Jumapili alikuwa na mkutano. Neema hakulalamika, ila aliacha kununua yale magazeti yenye picha za magauni. Mimi nililiona hilo na liliniuma.

Ghafla, ndani ya ile miezi ya heshima, mikutano ya Bwana Mutiso ikaisha. Kevin akaja na habari kwamba baba yake atakuja Jumamosi, yeye na mdogo wake, kwa mazungumzo ya kifamilia. Neema alinirukia shingoni. Nikasema Mungu amejibu. Odette akaahidi sambusa.

Ijumaa yake jioni nikaenda kwa Salum kunyolewa. Aliponizungushia kitambaa akainama sikioni.

"Mzee wangu, siku ukitaka kijana wa kusambaza, na mimi unikumbuke. Mdomo wangu umefungwa. Sijamwambia mtu."

"Hujamwambia mtu nini?"

"Si hizo kete, Mzee."

"Kete zina siri gani? Ni shaba."

Alicheka sana, akanipigapiga bega. Akaniambia hilo jina la shaba ni zuri, hajalisikia hata Dar. Ndipo nikamshika mkono wenye mashine, nikamwambia anieleze, na akanieleza. Nusu ya kichwa changu ilikuwa imenyolewa.

"Umemwambia nani, Salum?"

"Mzee, watu wangu wa karibu tu. Wale ninaowanyoa."

"Kevin unamnyoa?"

"Kevin mteja wangu wa siku nyingi, Mzee. Namkata fade."

Niliondoka na kichwa cha nusu. Nyinyi hamna watoto bado, hamtaelewa. Mtoto wangu amesubiri mwaka, kesho wakwe wanakuja, na wanakuja kwa muuza unga. Nilijua jambo moja tu: lazima waone kwa macho yao. Asubuhi na mapema nilikuwa Rosettenville kwa Senyo, nikamwomba aniazime trei moja kwa siku moja. Nilimwambia ni ya kuwaonyesha wakwe. Alifurahi sana, mzee yule. Akazipanga upya kwa mkono wake, za Ureno juu, na yule simba katikati yao, ili wakwe waone kitu cha maana.

Wageni walifika na magari mawili kwa watu watatu. Bwana Mutiso alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya chini. Alipokea chai, akasifu nyumba yetu ya vyumba vya mbao kwamba haivutii macho ya watu, na hiyo ni busara. Neema na Odette walikuwa jikoni nyuma ya mbao. Baada ya maombi Bwana Mutiso akaweka kikombe chini.

"Mzee Zakaria, sisi ni watu wa kawaida. Mimi ni mhasibu tu. Nataka ujue, kwa familia yetu hatuulizi mtu alianza aje. Hii ni Joburg. Kila mtu ana njia yake."

"Asante," nikasema, na jasho likaanza.

"Hawa watoto wakishaoana, sisi ni kitu kimoja. Si ndiyo? Kevin ako na mpango mzuri wa biashara ya magari. Kitu inakosekana ni mtu wa kumshika mkono. Mtu ako na uwezo, lakini hapendi kelele."

Mimi niliyasikia maneno haya kama mtego. Niliona mtu mwenye adabu anayenipa nafasi ya mwisho ya kujisafisha. Nikasimama, nikachukua trei, nikaiweka mezani katikati ya vikombe, nikaondoa kitambaa.

Sijawahi kueleza kazi yangu vizuri kama siku ile. Nilieleza tufe na msalaba. Nilieleza waridi. Nilimwambia kwamba Salum ni mpumbavu na kwamba neno kete kwetu ni kete ya bao. Nikachora mistari juu ya kitambaa cha meza kwa kidole, nikahamisha makumi kwenda mamia, nikamwambia Bwana Mutiso kwamba wahasibu wenzake walianzia hapa, na kwamba kama angezaliwa zama zile angekuwa na mfuko wa hizi kiunoni. Nilidhani atafurahi. Kevin alikuwa anatazama zulia.

Bwana Mutiso akachukua moja kwa ncha za vidole. "Hii inauzwa pesa ngapi?"

"Hiyo? Bei ya mkate, kama mnunuzi ameamka vizuri."

"Na ziko hizi tu?"

"Hizi tu. Tena si zangu, ni za Mreno." Nilikuwa natabasamu kama bwana harusi.

Akairudisha. Akamtazama mdogo wake, na mdogo wake akatazama saa. Upande wa pili mafuta ya sambusa yalikuwa yakichemka.

"Mzee," akasema Bwana Mutiso, polepole, "sisi tumekuja hapa na uaminifu. Tumekuja kama familia. Kama hutuamini, ungesema tu. Lakini kutuwekea vifungo vya shati mezani, hiyo ni kutudharau."

Nikaapa. Kadiri nilivyoapa ndivyo alivyozidi kukasirika, maana aliona najua kuficha. Wakasimama. Kevin alisimama pamoja nao. Neema alitoka jikoni na sinia la sambusa akakuta viti, trei, na baba yake mwenye kichwa kilichonyolewa nusu. Alikuwa amesikia yote. Aliweka sinia chini, akaingia chumbani, na hakula siku ile wala kesho yake.

Jumatatu nilirudisha trei. Senyo aliuliza kama wakwe walimpenda simba, nikasema walimpenda. Haukupita muda mlango ukalia, akaingia Kevin, peke yake, na suti ya kazini. Moyo wangu ulipanda. Nikasema kijana ni mwanamume, amekuja kuomba radhi kwa niaba ya baba yake.

"Mzee, habari ya asubuhi. Baba ame-feel vibaya sana. Anasema hukumwamini."

"Baba yako nimemwonyesha kila kitu, mwanangu."

"Sawa. Nimemwambia pengine uliogopa kuonyesha zile zingine, juu ya mdogo wake. Mdogo wake anaongea sana." Akainamia kaunta. "Mzee, si lazima unionyeshe. Niambie tu ziko. Hata usiseme, tingisha tu kichwa. Nitamwambia Baba, na tutapanga siku ingine, na mimi na Neema tutaendelea."

Vijana, niwaambie ukweli. Kichwa kilitaka kutingishika. Kutingisha kichwa si kusema uongo kwa mdomo, nilishaanza kujitetea moyoni. Nilimwona Neema wangu na gauni, nilimwona ana mume mpole na nyumba yenye ukuta. Na baada ya ndoa wangenifanya nini? Wangekuja kunidai unga? Senyo alikuwa upande wa pili na lenzi yake, haelewi Kiswahili, lakini alikuwa ameacha kugeuza kete.

"Kevin," nikasema, "na kama haziko?"

 Alitazama nje, kwenye robot ya kona, yaani taa ya magari, ikawa nyekundu, ikawa kijani, magari yakaenda. Nilimsubiri. Nilimpa muda mrefu kuliko ninaowapa wateja.

"Eish, Mzee," akasema.

Nikasubiri aongeze neno. Akanyoosha tai yake, akasema nisimwambie Neema kwamba amekuja, akatoka.

Nilimwambia Neema. Nilifika nyumbani nikamkuta amekaa mezani bado na sare ya kazini, simu iko mbele yake, na nilishindwa kumficha. Nilimweleza yote, hata la kutingisha kichwa. Yeye siku zote nikimsemesha Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza, ndivyo walivyo waliozaliwa huku.

"So all you had to do was nod?"

"Ndiyo, mwanangu."

"And you didn't."

"Nilimuuliza itakuwaje kama haziko."

"What did he say?"

"Alisema eish."

"Eish, and then?"

"Eish tu."

Akacheka. Kisha akalia kwa sauti, bila kujali mbao za watu, na mimi nikalia pamoja naye, maana nilikuwa na uhakika kwamba ni mimi niliyemwangusha, mimi na neno langu, mimi na trei yangu ya shaba na hotuba yangu. Nikamwomba anisamehe. Nikamwambia ningejua, nisingeonyesha kitu, ningekunywa chai na kunyamaza. Akanyanyua uso, akaufuta kwa mkono wa sare, na akanijibu kwa Kiswahili, polepole, akiyatafuta maneno.

"Papa, mimi nilimwambia. Siku ya kwanza kabisa tulikutana, alisema baba yako anafanya kazi gani, nikamwambia anachambua shaba ya zamani kwa Mreno. Nilimwambia mwaka mzima. Yeye amechagua kuamini kinyozi."